Siku Moja Ole

Msafiri afikapo Pemba huonyeshwa kwanza mikarafuu, na si vibaya, maana ndiyo iliyokipatia kisiwa sifa. Lakini leo, ndugu wasikilizaji, twapenda kuwachukua mpaka Ole, kaskazini ya Chake Chake, mkamwone mnyama asiyepatikana popote duniani ila Pemba.

Asubuhi tuliiacha barabara kuu tukashika njia ya Kidike. Huko miti mirefu imejaa popo wakubwa wanaoning'inia kichwa chini. Si wale wadogo wa darini walao wadudu. Hawa hula matunda. Manyoya yao ni mekundu kama kutu, na mabawa yakikunjuliwa hupata kadiri ya mita moja na nusu. Gizani hawafuati mwangwi wa sauti zao kama wale wadogo, bali hutumia macho na pua. Mwaka wa 1909 mtaalamu wa Kijerumani, Matschie, aliandika habari zao akawaita kwa jina la mwenzake Voeltzkow. Watu wa Ole walikuwa wakiwajua tangu zamani.

Adhuhuri tulikaribishwa chakula: wali, mchuzi wa pweza, na shelisheli lililopikwa kwa nazi. Shelisheli tulilisifu mno (mmoja wetu aliongezwa mara tatu), hata mzee mwenyeji akacheka. "Waalimu, hilo mmegawana na popo." Ni kweli, popo hupenda mashelisheli na maembe. Hutafuna tunda, hunywa maji yake, hutema makapi. Na mbegu ndogo, kama za mkuyu, hupita tumboni zikaangushwa mbali, zikaota. Kisha mzee akatuambia kwamba zamani popo nao walikuwa wakitiwa chunguni. Twakiri kwamba mikono yetu ilisita kidogo.

Hapo ndipo penye jambo. Tufani ya mwaka wa 1872 iliangamiza mikarafuu ya Unguja, lakini ile ya Pemba ikasalimika kwa sehemu kubwa. Karafuu zikazidi kupandwa Pemba, na misitu ikazidi kukatwa. Popo wakabaki katika misitu michache na makaburi ya kale yasiyokatwa miti. Waliosalia wakapigwa bunduki. Na jike huzaa mtoto mmoja tu kwa mwaka, basi pengo halizibiki upesi. Mwaka wa 1996 wakatiwa katika orodha ya viumbe walio ukingoni mwa kutoweka duniani. Ndipo uwindaji ukapingwa. Watu wa Kidike wakailinda miti yao, na mgeni ajaye kutazama hulipa kiingilio. Popo wakaongezeka, hata mwaka wa 2008 wakashushwa daraja ya hatari, ingawa hawakutolewa orodhani.

Magharibi ilipokaribia tulisimama uani kuwatazama wakitoka, kwanza mmoja mmoja, kisha kwa makumi. Mzee akatuomba radhi, akachukua upondo wake, akaenda kuangua maembe yaliyoiva kabla wageni wale wengine hawajafika.