Kuitafuta Sababu ya Ankara Kubwa ya Umeme

Ankara ya umeme inapopanda ghafla, jambo la kwanza linalozuka nyumbani mara nyingi si uchunguzi bali ni lawama. Katika nyumba ya wapangaji wengi wanaotumia mita moja, mwenye jokofu humshuku mwenye pasi, na wote wawili hulishuku shirika la umeme. Penye mita ya malipo ya kabla hali ni hiyo hiyo, ila dalili yake ni uniti kwisha kabla ya siku zake. Hata hivyo, chanzo cha ongezeko hilo kinaweza kutafutwa kwa saa yenye mshale wa sekunde, karatasi na kalamu, pamoja na hesabu inayofundishwa katika shule za sekondari.

Kinachopimwa na mita

Mita hupima nishati, na nishati hupatikana kwa kuzidisha nguvu ya chombo kwa muda wa matumizi yake. Chombo cha wati 1,000 kikitumika kwa saa 1 hutumia kilowati-saa 1, ambayo ndiyo uniti ya kwenye ankara. Uniti hiyo ni sawa na jouli 3,600,000.

Pasi ya wati 1,000 inayotumika nusu saa kila siku humaliza uniti 15 katika siku 30. Taa ya nje ya wati 60, iliyosahauliwa ikiwaka saa 12 kila usiku, humaliza uniti 21.6 katika siku hizo hizo. Hivyo taa ambayo hakuna aliyeishuku imeishinda pasi. Haba na haba hujaza kibaba.

Uniti au shilingi?

Kabla ya kuchunguza vyombo, yafaa ankara mbili zilinganishwe. Je, zote ni za idadi sawa ya siku? Je, mita ilisomwa kweli, au matumizi yalikadiriwa tu? Je, limo deni la nyuma? Kisha uniti zitazamwe mbali na shilingi, kwa kuwa viwili hivi havipandi kwa kiwango kimoja daima.

Kwa mfano, bei zilizotangazwa Tanzania mwaka 2016 ziliwatoza watumiaji wadogo wa majumbani shilingi 100 kwa kila uniti katika uniti 75 za kwanza za mwezi, na shilingi 350 kwa kila uniti iliyozidi hapo. Kwa bei hizo, pasipo kuhesabu kodi na tozo, uniti 75 ziligharimu shilingi 7,500, na uniti 85 ziligharimu shilingi 11,000. Matumizi yaliongezeka kwa asilimia 13 tu, lakini gharama ilipanda kwa asilimia 47.

Kuiuliza mita

Ikithibitika kwamba uniti zimeongezeka kweli, mita yenyewe huulizwa maswali, moja baada ya jingine.

Kwanza, swichi kuu ya nyumba huzimwa. Mita ikiendelea kuhesabu, huenda ina hitilafu, au upo waya uliounganishwa kabla ya swichi hiyo. Hapo shirika la umeme huarifiwa, na lakiri ya mita isiguswe kamwe.

Pili, swichi kuu huwashwa, lakini taa zote huzimwa na vyombo vyote huchomolewa kwenye soketi. Mita ikihesabu katika hali hii, kipo chombo kilichosahauliwa, kama vile pampu au hita ya maji iliyofungwa moja kwa moja ukutani. Au umeme unavuja. Au waya umepelekwa kwingine bila wenye nyumba kujua.

Tatu, vyombo huwashwa kimoja kimoja. Mita nyingi za kielektroniki zina kijitaa kinachomweka, na juu ya mita huandikwa idadi ya mimweko kwa kila uniti. Ikiwa idadi hiyo ni 1,000, kila mmweko ni jouli 3,600. Basi 3,600 ikigawanywa kwa sekunde zilizopita kati ya mmweko na mmweko, jibu ni nguvu ya chombo kwa wati. Sekunde 36 huonyesha wati 100. Sekunde 2 huonyesha wati 1,800.

Vyombo vinavyojiwasha vyenyewe

Jokofu na hita ya maji huhitaji uangalifu zaidi, maana hujiwasha na kujizima vyenyewe kufuatana na joto. Kosa lao mara nyingi haliko katika nguvu bali katika muda. Jokofu la wati 100 ambalo mtambo wake hufanya kazi saa 8 kwa siku hutumia uniti 24 katika siku 30. Mpira wa mlango ukichakaa, hewa ya joto huingia na mtambo huweza kufanya kazi saa 20; matumizi hupanda hadi uniti 60. Mpira hupimwa kwa kufunga mlango juu ya kipande cha karatasi: karatasi ikichomoka bila kukwama, mpira haubani. Vivyo hivyo, bomba la maji ya moto linalovuja huilazimisha hita kupasha maji mapya usiku na mchana.

Umeme unaovuja

Sababu ya hatari kuliko zote ni umeme kuvuja kuelekea ardhini kupitia waya uliochubuka au chombo kilichoingia maji. Mkondo wa ampea 0.2 ukivuja kwa volti 230 ni nguvu ya wati 46, yaani takriban uniti 33 katika siku 30. Fyuzi ya ampea 5 haiwezi kukatika kwa mkondo mdogo namna hiyo. Lakini mkondo huo huo ukipita mwilini unatosha kabisa kumuua mtu. Kwa hiyo, mita inayohesabu hali vyombo vyote vimechomolewa, au bomba au chombo kinachotetemesha mkono kikiguswa, ni sababu ya kuzima swichi kuu mara moja na kumwita fundi umeme mwenye leseni. Kazi ya mwanafunzi huishia kwenye kusoma na kuandika. Kufungua mita, soketi au sanduku la fyuzi si kazi yake.

Zoezi la darasani

Mwalimu aweza kuwataka wanafunzi wasome mita za nyumbani kwao kila siku saa 1 asubuhi kwa muda wa wiki moja, na kuandika kando ya kila hesabu vyombo vilivyotumika na kwa muda gani. Uniti zilizokokotolewa kutokana na vyombo zikilinganishwa na zilizosomwa kwenye mita, tofauti kubwa itaonyesha kwamba kipo kitu ambacho bado hakijaandikwa. Katika nyumba ya wapangaji, orodha hiyo hiyo yaweza kuwa msingi wa kugawana gharama kwa haki, kila mmoja akilipia kiasi kilichopimwa badala ya kiasi alichoshukiwa.