Wadudu wa Gome la Mwembe

Mkipita chini ya mwembe hapa Kalemie, tazameni gome lake kwa makini. Huenda mkaona wadudu wadogo mno, wengi wao hawafiki milimita 6, wakikimbia huku na huko. Twasikia wazee wa nyumba wakisema kwamba wanakula mti, wakataka kuumwagia dawa. La, sivyo! Hutafuna kuvu na mwani ulioota juu ya gome. Mti wenyewe hawaudhuru. Dawa hiyo ni fedha iliyotupwa.

Wataalamu wamekwisha kutaja aina zaidi ya 5,000, nao huzigawa katika makundi matatu. Huanza na vipapasio: kundi la kwanza lina pingili zaidi ya 20, la pili 11 hadi 17, la tatu kwa kawaida 13. Pale hesabu zinapokaribiana, hutazama mabawa na miguu. Kazi hii yataka kioo cha kukuza na subira. Mwanafunzi mwenye haraka asijisumbue. Katika kundi la pili ndimo walimo jamaa wa karibu wa chawa wa kichwani.

Humo yumo pia msafiri mkubwa, Liposcelis bostrychophila. Mfaransa André Badonnel alimweleza mwaka 1931 kutoka Msumbiji. Leo ameenea karibu duniani kote. Hana mabawa, bali hubebwa katika magunia ya nafaka. Jike hutaga bila dume, hivyo mmoja tu aweza kujaza ghala. Huyu ndiye wa kuchungwa na wenye maghala ya bandarini. Hewa kavu humwua: wakaushe nafaka vema, na magunia wayainue juu ya mbao.