Usimfanye Mungu kuwa omoragori

Swali ambalo wachungaji wa Kisii na Nyamira huletewa mara kwa mara halihusu mbingu wala msamaha wa dhambi. Ni fupi tu: nani? Nani kamfunga kijana asipate kazi, nani kakausha ng'ombe maziwa, nani anaharibu mimba za binti yetu. Mtu hufunga, hukesha, hupanda mlimani kuomba, na anachongoja kutoka kwa Mungu ni jina.

Swali hili ni kongwe kuliko makanisa yetu. Kabla Wakatoliki hawajafungua misheni ya Nyabururu mwaka 1911, na Waadventista kufika Nyanchwa muda mfupi baadaye, Abagusii, wenyeji wa eneo hili, walimjua Engoro, Muumba wa vyote. Ila Engoro alikuwa mbali. Shida za kila siku zilihusishwa na ebirecha, roho za wahenga, na wa kuzifasiri alikuwa omoragori, mara nyingi mwanamke. Ulimpelekea ugonjwa wako au msiba wako, naye akakueleza ni mhenga yupi amekasirika na anadai sadaka gani. Tusiwacheke wazee wetu. Utaratibu ule ulimpa mtu aliyechanganyikiwa jambo la kufanya, na mara nyingi jambo lenyewe lilikuwa mbuzi tu.

Injili ilipokelewa kwa nguvu. Leo milima ya Gusii ni miongoni mwa ngome kubwa za Waadventista nchini Kenya, na Wakatoliki wana jimbo lao tangu 1960, ambalo askofu wake wa kwanza alikuwa Maurice Otunga, baadaye kardinali. Lakini kiti cha omoragori hakikubaki wazi. Kimekaliwa na nabii wa kanisa la mabati, na wakati mwingine (hili nawaambia wachungaji wenzangu) na sisi wenyewe, tunaposema "nimeonyeshwa" mbele ya watu wenye uchungu. Tofauti ni kwamba jibu siku hizi si mbuzi. Ni jirani.

Mwezi Mei 2008 umati uliwachoma watu 11 katika vijiji vya Kisii, wengi wao vikongwe, kwa madai ya uchawi. Oktoba 2021 wanawake wanne wazee waliuawa vivyo hivyo huko Marani. Sisemi maombi ndiyo yaliyowaua. Mara nyingi nyuma ya tuhuma kama hizi kuna kipande cha shamba. Ila ni vigumu kuamini kwamba katika umati wa namna hiyo, kwenye nchi yenye kanisa kila kona, hapakuwa na mtu anayejua kuomba.

Basi kuutafuta mtazamo wa Mungu ni kufanya nini? Injili ya Yohana, sura ya 9, inalo swali letu lile lile. Wanafunzi wanamwona mtu aliyezaliwa kipofu, wanauliza nani alitenda dhambi: yeye au wazazi wake? Yesu halichagui jina lolote kati ya hayo. Analikataa swali lenyewe, anawageuza waangalie kazi ya Mungu inayopasa kufanyika kwa mtu yule, kisha anainama kutengeneza tope. Ndivyo maombi yanavyofanya kazi yakiwa ya kweli: unaingia na swali lako, unatoka na swali jingine. Na uaminifu ni kubaki pale hata jibu lisipokuja. Ayubu hakuwahi kuelezwa kwa nini aliteswa. Rafiki zake, waliokuwa na maelezo tayari, ndio waliokemewa.

Kuhusu kupima kinachosikika moyoni, hakuna aliyeeleza vizuri kuliko Ignatius wa Loyola, askari wa Kihispania aliyevunjwa mguu na mzinga mwaka 1521. Akiwa kitandani aligundua kwamba ndoto za sifa zilimfurahisha kwa muda kisha zikamwacha mkavu, ilhali mawazo ya kumtumikia Mungu yalimwacha na amani iliyodumu. Akajifunza kutoamini wazo kwa utamu wake wa mara ya kwanza. Kwetu ningeongeza kipimo kimoja, kikali kidogo: jibu la maombi linadai nini, na kwa nani? Likinidai mimi nisamehe, nilipe deni, nimpeleke mtoto hospitali badala ya kukesha naye, nalisikiliza. Likidai kitu kwa bibi wa jirani peke yake, nalilaza.

Najua nitakayojibiwa, maana hujibiwa hivyo kila nikifundisha jambo hili: Yoshua hakuonyeshwa mwizi Akani kwa kura? Alionyeshwa. Lakini someni sura ya 7 ya kitabu cha Yoshua hadi mwisho. Akani alisimamishwa mbele ya Waisraeli, akaulizwa, akakiri kwa kinywa chake, na wajumbe wakatumwa hemani kwake kuhakikisha kabla hajaguswa. Kura haikutosha. Sheria ya Kenya ya mwaka 1925 kuhusu uchawi nayo inahesabu kuwa kosa kumtuhumu mtu uchawi mitaani badala ya kupeleka neno lako kwa chifu au polisi. Kwa hiyo kwenye vikundi vya maombi, na jumuiya ndogo ndogo za Wakatoliki zikitaka, napendekeza kanuni moja: jina la mtu asiyekuwepo litajwe kwa kumwombea tu. Anayeonyeshwa zaidi ya hapo, na amsubiri mwenye jina afike, aketi, aulizwe.