Zimwi Likujualo: Uaminifu, Hofu na Mamlaka katika Genge la Fagin

Katika semina yetu ya riwaya, mwenzetu mmoja alimwita Nancy "mjinga tu". Eti mtu aliyefunguliwa mlango akarudi mwenyewe kwa jambazi, kajitakia. Darasa likacheka, nami nikacheka. Baadaye niliisoma tena Oliver Twist, riwaya ya Charles Dickens iliyotoka kwa mfululizo jaridani kati ya 1837 na 1839, nikaona tulikosea. Makala haya yanajaribu kueleza kwa nini.

Tuanze na Fagin. Mzee huyu hawanasi vibaka wake kwa kipigo. Kwanza anawapa soseji, malazi na mchezo wa kuchomoa leso mfukoni mwake. Kwa yatima kama Oliver, aliyetoka kwenye njaa, hapo ni nyumbani. Hofu inafuata nyuma: Fagin anamsimulia habari za kijana aliyewahi kumfadhili, akataka kwenda polisi, akaishia kunyongwa. Ndiyo kusema shibe na kitanzi vinatoka mkono mmoja. Mamlaka yake ni kujua siri ya kila mtu.

Lakini siri hukata kuwili. Jambazi Sikes naye anamjua Fagin mno, na Fagin anatamani Nancy, hawara wa Sikes, amwondoe. Kumbe bosi anayeogopwa naye anaogopa!

Sasa hebu tumtazame Nancy darajani London, usiku, akiwatolea Rose na Bwana Brownlow siri itakayomwokoa Oliver. Wanamtaka amtoe Fagin pia. Anakataa, japo anamchukia. Hoja yake ni kwamba wenzake wengi wangeweza kumgeuka na hawakumgeuka. Wanampa nafasi ya kutoroka. Anarudi kwa Sikes. Tusiseme ni hofu iliyomrudisha. Usiku ule alikuwa anatetemeka, na hofu ingemwambia akimbie. Kilichomrudisha ni uaminifu, tena kwa watu wasioustahili.

Noah, mpelelezi wa Fagin, aliyasikia yote hayo. Fagin akaambiwa kwamba Nancy amekataa kumtoa, ila hakuamini. Mbele ya Sikes akamfanya Noah aseme yale ya kumhukumu Nancy tu. Sikes akaenda akamuua. Kwa maoni yangu, hiki ndicho kiini cha riwaya: anayetawala kwa hofu hawezi kuutambua uaminifu hata ukiwekwa mkononi mwake. Na kwa kuuua uaminifu huo genge linajimaliza. Charley Bates, kijana wa kuchekacheka, ndiye anayepiga kelele Sikes akamatwe. Sikes ananyongwa na kamba yake mwenyewe, Fagin na serikali.

Wahenga walisema zimwi likujualo halikuli likakwisha. Nancy aliishi kwa imani hiyo, nalo likamla akaisha. Basi ndugu zangu, tunapochambua wahusika wa magenge, tusiulize tu kwa nini hawakimbii. Tuulize pia, kabla ya genge, ni nani mwingine aliyewahi kuwakaribisha?