Kinundu cha shingoni kisicho na dalili za hatari: kwa nini daktari hushauri kifuatiliwe

Si kila uvimbe mdogo wa shingoni ni saratani. Vinundu vya tezi ya thairoidi, iliyo mbele ya shingo chini ya koo, huwapata watu wengi, hasa wanawake, na takribani 9 kati ya 10 havina saratani.

Mkazi wa Newala au Masasi anayegundua kinundu aanzie kituo cha afya kilicho karibu, au hospitali kama Mkomaindo na Ndanda. Kipimo cha damu hueleza iwapo tezi inafanya kazi ipasavyo. Ultrasaundi huonesha ukubwa na umbo la kinundu. Kinundu kilicho chini ya sentimita 1 na kisichotia shaka kwa kawaida hakihitaji upasuaji. Inapobidi, mgonjwa hupangiwa kupimwa tena, mara nyingi baada ya mwaka 1 hadi 2.

Kufuatiliwa si kutelekezwa. Aliyeondolewa tezi yote humeza vidonge kila siku maisha yake yote, hivyo upasuaji hufanyika panapo sababu. Mgonjwa atunze majibu ya kipimo cha kwanza, kwani ndiyo yatakayolinganishwa na ya pili, wala msimu wa korosho usimfanye aahirishe kurudi kliniki.

Asisubiri tarehe aliyopangiwa iwapo kinundu kinakua haraka, sauti inakwaruza kwa wiki kadhaa, au anameza na kupumua kwa shida. Chumvi yenye madini joto huikinga familia na rovu litokanalo na upungufu wa madini hayo, lakini haiondoi kinundu kilichokwisha kujitokeza.