Muuguzi Mpya na Hesabu ya Dozi

Muuguzi aliyeajiriwa juzi, mwenye cheti na leseni yake, hukabidhiwa wodi ya watoto wachanga, na kabla zamu yake ya kwanza haijaisha hutakiwa asome mwandiko wa tabibu, ashike ampuli, avute kwa bomba la sindano kiasi kilichokusudiwa, si zaidi wala si pungufu, ilhali mama mmoja anamwita huku na simu ya wodi inalia kule. Ili kujua kama aiweza kazi hiyo, desturi iliyozoeleka ni kumpa karatasi ya maswali ya hesabu, kumsahihishia, na akipata alama za kutosha kumwacha aendelee. Nionavyo mimi, karatasi hiyo hupima jambo dogo kuliko tunavyodhani.

Tumtwae mtoto wa siku mbili, mwenye uzito wa kilo 2.8, anayedhaniwa kuwa na maambukizi katika damu, akaandikiwa jentamaisini miligramu 5 kwa kila kilo, mara moja kwa siku. Dozi yake, basi, ni miligramu 14. Ampuli iliyopo imeandikwa miligramu 80 katika mililita 2, yaani miligramu 40 katika kila mililita. 14 ikigawanywa kwa 40 hutoa 0.35, na hizo ndizo sehemu za mililita za kuvutwa. Mwanafunzi wa darasa la saba aliyetulia aiweza hesabu hii. Lakini nukta ikiteleza nafasi moja tu, 0.35 huwa 3.5, na mtoto akapewa mara kumi ya dozi yake, ya dawa ambayo ikizidi huweza kudhuru figo na kuondoa usikivu wa masikio usirudi tena. Ikiteleza upande wa pili, dawa huwa haba na maradhi humshinda.

Hapa ndipo kilipo kipawa ambacho mitihani yetu haikiulizi. Mililita 3.5 hazipatikani katika ampuli ya mililita 2. Ingebidi zivunjwe ampuli mbili kwa ajili ya kiumbe asiyefika kilo tatu. Muuguzi aliyezoezwa kukadiria kabla ya kukokotoa angesita papo hapo, kwa kuwa angekwisha kujiambia kwamba miligramu 14 ni chini ya robo ya 80, na kwa hivyo dawa atakayoivuta sharti iwe chini ya robo ya ampuli, yaani haifiki nusu mililita. Makadirio hayo hayahitaji kalamu. Huchukua muda mfupi kuliko kufungua bomba, nami ningependa kila muuguzi mpya atakiwe kuyatamka kwa sauti mbele ya mwenye kumpima, kabla hajaruhusiwa kugusa kikokotoo.

Wataalamu wa Uingereza walioshughulika sana na jambo hili, miongoni mwao Keith Weeks na Diana Coben, huzigawa ghalati za dozi katika mafungu matatu: kutoelewa hesabu inataka nini, kukosea kukokotoa, na kukosea kupima kwa chombo. Mgawanyo huu una faida kubwa, maana kila fungu lina dawa yake. Muuguzi aliyepata 0.35 kwa usahihi, kisha akachukua bomba la mililita 5 ambalo mistari yake imeachana kwa 0.2, hana kosa la hisabati hata kidogo, na masomo ya ziada ya hisabati hayatamfaa. Afaa aoneshwe bomba la mililita 1 na sababu ya kulichagua. Karatasi ya maswali haimwoni kabisa muuguzi huyu.

Fungu la kwanza ndilo gumu zaidi, na mfano wake bora ni artesuneti ya malaria kali. Kichupa ni kile kile cha miligramu 60, na unga wake huyeyushwa kwanza kwa mililita 1 ya sodiamu baikaboneti. Kisha, ikiwa ya mshipa, huongezwa mililita 5, ujazo ukawa 6 na kila mililita ikabeba miligramu 10. Ikiwa ya msuli, huongezwa mililita 2 tu, ujazo ukawa 3 na kila mililita ikabeba miligramu 20. Mtoto wa kilo 10, anayestahili miligramu 3 kwa kila kilo, atahitaji mililita 3 kwa njia ya mshipa, na 1.5 kwa njia ya msuli. Aliyekariri kanuni pasipo kujua namba zake hutoka wapi huisahau ile mililita ya kwanza, akahesabu ujazo kuwa 5, akavuta mililita 2.5, na mtoto mwenye malaria kali akapungukiwa miligramu 5, wala hakuna aliyeona kitu.

Mwaka 2001 Celia Hoyles, Richard Noss na Stefano Pozzi walichapisha uchunguzi wao juu ya wauguzi wazoefu wa watoto huko Uingereza, wakabainisha kwamba wauguzi hao, ingawa waliijua kanuni waliyofundishwa chuoni, kazini hawakuitegemea. Kila dawa waliihesabu kwa uwiano wake na kwa namna ilivyofungashwa, na hesabu walizoshuhudiwa wakizifanya zilikuwa sahihi. Kwa hiyo mwajiriwa mpya na apimwe kwa dawa za wodi atakayofanyia kazi, mezani kuwe na ampuli zenyewe, mabomba ya kila ukubwa, na karatasi ya matibabu iliyojazwa kwa mkono. Matone ya dripu nayo yasisahauliwe: mililita 1,000 kwa saa 8, kwa mpira wa matone 20 kwa mililita, ni matone 42 kwa dakika.

Kuhusu alama ya kufaulu, Baraza la Uuguzi na Ukunga la Uingereza hutaka asilimia 100 katika hesabu za dawa kabla mwanafunzi hajasajiliwa, nami naiona ndiyo haki, maana 80 ya kupongezwa katika somo la historia, hapa ni dozi moja mbovu katika kila tano.

Kuna uhakiki wa mtu wa pili, nao aghalabu hufanywa kwa jina tu. "Sista, hii ni 0.35, siyo?" huuliza mmoja, na mwenziwe, akiwa na trei mkononi, huitikia kwa kichwa. Uhakiki ni yule wa pili kusoma maandishi ya tabibu mwenyewe, akahesabu pasipo kuambiwa jawabu, ndipo majibu mawili yakakutanishwa.

Aliyekosa katika kipimo asifukuzwe wala jina lake lisibandikwe ukutani. Aendelee na kazi zake zote isipokuwa kuvuta dawa za sindano peke yake, akae chini ya mkono wa muuguzi mkongwe, na apimwe tena kwa dawa alizokosea pamoja na nyingine asizozitarajia. Na huyo mkongwe naye, akihamishwa kutoka wodi ya watu wazima kwenda ya wachanga, apitishwe katika meza ile ile, kwa kuwa huko dozi nyingi atakazozikuta zitakuwa ngeni kwake.