Sura ya 7: Kifurushi Kisichotunza Siri

Novemba 2007 Facebook ilizindua huduma iliyoitwa Beacon. Ukinunua kitu kwenye tovuti mojawapo kati ya zaidi ya 40 zilizoingia ubia nayo, habari za ununuzi wako zilibandikwa zenyewe mbele ya marafiki zako wa Facebook. Wiki chache kabla ya Krismasi ya mwaka huo, mwanamume mmoja nchini Marekani aliingia kwenye duka la mtandaoni la Overstock akamnunulia mkewe pete ya almasi, akiwa na nia ya kumfanyia sapraizi. Hazikupita saa nyingi mkewe akamtumia ujumbe kumuuliza pete hiyo amemnunulia nani. Habari za pete, pamoja na punguzo la bei alilopata, zilikuwa zimeshawafikia mamia ya watu.

Agosti 2008 ilifunguliwa kesi ya pamoja huko California, ikibeba jina la mwanamume huyo: Lane dhidi ya Facebook. Kampuni ilikubali kulipa dola milioni 9.5 na Beacon ikafungwa mwaka 2009. Baadhi ya watu hawakuridhika na masharti ya maafikiano hayo wakakata rufaa, na shauri likapanda hadi Mahakama ya Juu ya Marekani, ambayo Novemba 2013 ilikataa kulisikiliza. Ni nadra zawadi ya Krismasi kuzungumzwa mahakamani kwa miaka mitano.

Ukiitazama vizuri kesi hiyo, utaona kwamba mtambo haukuharibika popote. Duka liliuza, malipo yakapita, taarifa ikafika ilikopelekwa. Kasoro ilikuwa kwenye wazo lenyewe lililoujenga mfumo: kwamba kununua ni jambo la mtu mmoja, na kwamba kadiri taarifa zinavyotoka nyingi na mapema ndivyo mteja anavyohudumiwa vizuri. Zawadi haiko hivyo. Ina watu wawili. Mmoja amelipa na ana haki ya kujua kila kitu. Mwingine atapokea, na hatakiwi kujua chochote mpaka siku yenyewe. Maduka ya mtandaoni yanatambua akaunti, anuani, namba ya simu na kadi ya benki. Hao watu wawili hayawatofautishi, na karibu kila sapraizi inayoharibikia njiani inaharibikia hapo.

Tabia hii ya kutangaza ina historia yake. Mwaka 1994 FedEx ilifungua tovuti ambapo mteja aliweza kuandika namba ya mzigo wake na kuona umefika wapi. Mwaka huohuo Lou Montulli, mhandisi wa Netscape, alibuni vidakuzi, yaani vipande vidogo vya taarifa ambavyo tovuti huviacha ndani ya kivinjari chako ili ikutambue ukirudi. Tatizo alilokuwa akilitafutia dawa lilikuwa la dukani kabisa: namna ya kukumbuka vitu ambavyo mnunuzi ameshavitia kwenye kikapu. Jambo la kwanza, la kufuatilia mzigo, lilijibu hofu moja. Anayenunua mtandaoni anatoa fedha kabla ya kushika bidhaa, na hakuna binadamu anayeweza kutulia katika hali hiyo bila kuambiwa mara kwa mara kwamba mzigo wake upo na unakuja. Kwa hiyo tukapata ujumbe wa kuthibitisha oda, ujumbe wa mzigo kuondoka ghalani, ujumbe wa dereva kukaribia, na mwisho picha ya boksi likiwa mlangoni. Wezi wa vifurushi walipozoea kuviokota vibarazani, taarifa zikaongezeka tena.

Siri ya zawadi hutoka kwa njia kadhaa. Tukianza na boksi lenyewe, mwaka 2008 Amazon ilianzisha mpango wa vifungashio rahisi kufungua, ikianza na bidhaa 19, zikiwamo za Fisher-Price na Mattel. Wazazi walikuwa wamechoka kukaa asubuhi ya Krismasi na mkasi na koleo, wakikata nyaya na plastiki zilizomfunga mwanasesere. Maboksi ya mwanzo yalikuwa ya karatasi ngumu ya kahawia, yasiyo na madoido, na kwa mtu anayeficha zawadi yalikuwa neema. Baadaye ikaja hatua ya pili: kama boksi la kiwandani lina nguvu ya kutosha kusafiri, kwa nini litiwe ndani ya jingine? Lebo ya anuani ikaanza kubandikwa moja kwa moja juu yake. Karatasi ikapungua, gari likabeba mizigo mingi zaidi, takataka zikapungua.

Sasa lisimamishe boksi hilo mlangoni, tarehe 18 Desemba, katika kitongoji chochote cha Marekani au Uingereza. Ndani yake mna jiko la mbao la kuchezea. Boksi linamfikia mtoto kifuani. Upande wa mbele una picha ya msichana akikoroga sufuria, upande mwingine umepangwa picha za kila kikombe na kila kijiko, na juu kabisa pameandikwa umri wa mtoto anayefaa kulichezea. Lebo ya mtoa huduma haizidi kiganja. Imebandikwa kwenye kona isiyokuwa na picha, haijafunika kitu. Shule zimefungwa, na wa kwanza kuisikia kengele ni mwenye umri ulioandikwa pale juu. Nyumba hiyo imeshamwambia kwamba zawadi italetwa usiku wa tarehe 24 na mzee mwenye ndevu nyeupe. Lebo ina jina la mama yake.

Kwa bidhaa nyingine duka humruhusu mnunuzi kuomba boksi la nje kabla ya kulipa, lakini chaguo hilo huwa dogo na limejificha, na mtu anayenunua akiwa kwenye basi halioni. Mimi naunga mkono juhudi za kupunguza karatasi, na naamini zinafaa kuendelea mwaka mzima. Lakini kwa vitu vya watoto, katika wiki chache za kabla ya Krismasi, kufunika picha kwa tabaka moja la karatasi ya kahawia ni gharama ambayo duka linapaswa kuibeba bila kuombwa.

Boksi likifichwa vizuri, bado kuna vyombo vya nyumbani. Familia nyingi hutumia akaunti moja ya Amazon Prime kwa sababu ada hulipwa mara moja, na anayefungua akaunti hiyo kutafuta sabuni anaikuta orodha ya oda zote. Spika yenye Alexa, msaidizi wa sauti wa Amazon, huwasha duara la taa ya njano mzigo unapokuwa njiani, na yeyote aliyeko sebuleni anaweza kuiuliza kuna nini. Amazon yenyewe imeweka mpangilio wa kuzuia majina ya bidhaa yasitajwe, lakini lazima mtu aujue aende kuuweka. Kengele za mlangoni zenye kamera hutuma video kwenye simu ya kila mwanafamilia aliyeunganishwa. Hata posta haikubaki nyuma: tangu mwaka 2017 posta ya Marekani imekuwa ikitoa nchi nzima huduma ya bure inayomletea mkazi, kila asubuhi, picha za bahasha zinazokuja kwake pamoja na orodha ya vifurushi vilivyo njiani. Huduma hiyo imefungwa kwenye anuani. Mume akiagiza kwa siri na mke akawa ndiye aliyejiandikisha, mke atapata habari za kifurushi kabla ya kifungua kinywa.

Matangazo yanafanya kazi kwa njia nyingine. Ukitazama saa ya mkononi kwenye tovuti ya duka, si duka peke yake lililokuona. Kampuni ya matangazo iliyoweka kidakuzi chake kwenye ukurasa huo imekuona pia. Kesho kompyuta ileile ikifunguliwa na mtu mwingine anayesoma habari za michezo, saa ileile inamtokea pembeni. Mara nyingi hata kompyuta moja haihitajiki, kwa kuwa simu na kompyuta zinazotumia intaneti moja ya nyumbani huonekana kutoka nje kama kaya moja, na tangazo hurushwa kwenye kaya. Kufungua dirisha la faragha la kivinjari kunasaidia kwa kiasi: vidakuzi vinafutika ukilifunga, lakini anuani ya intaneti ya nyumba inabaki vilevile, na ukiwa umeingia kwenye akaunti yako umeshajitambulisha.

Kwetu Afrika Mashariki siri hutokea kwenye tundu lingine kabisa. Tanzania iliendesha Operesheni ya Anwani za Makazi mwaka 2022, mitaa ikapata majina na nyumba zikabandikwa namba, ila anayeleta mzigo bado hategemei kibao. Anapiga simu. Namba ya simu ndiyo anuani halisi, na duka linataka namba ya mtu atakayekuwepo nyumbani, ambaye mara nyingi ndiye anayepewa zawadi. Kijana aliyeko Houston anamwagizia mama yake blenda kutoka duka la Dar es Salaam, analipa kila kitu, anaomba ifike tarehe 24. Tarehe 22 simu ya mama inaita.

“Shikamoo mama. Mimi bodaboda, nimeleta mzigo wako. Niko hapa Kimara Mwisho, nielekeze.”

“Marahaba. Mzigo gani tena, mwanangu? Mimi sijaagiza kitu.”

“Blenda, mama. Imelipiwa, wewe unanipa elfu tano ya usafiri tu.”

Kijana wa bodaboda hana kosa. Mama aliyesema hajaagiza kitu ana kila sababu ya kuogopa matapeli, na njia pekee ya kumwondolea shaka ni kumtajia kilichomo. Uaminifu na siri hapa vinavutana waziwazi, na uaminifu lazima ushinde, la sivyo mzigo unarudi dukani.

Mizigo ya mikoani nayo ina tabia zake. Wauzaji wengi wa Kariakoo wanaouza kupitia Instagram hutuma kwa basi. Boksi linazungushiwa utepe wa gundi, kisha kwa kalamu nene yanaandikwa jina la mpokeaji, namba yake, jina la stendi utakaposhukia mzigo na, ili wapakiaji wasilirushe, neno VYOMBO kwa herufi kubwa pande zote. Anayekwenda stendi kulichukua ameshajua. Hata aliyelipia kwa simu hajasalimika, maana ujumbe wa M-Pesa huja na jina la duka, na katika nyumba ambazo simu hushikwa na kila mtu, jina la duka la vito linatosha.

Watu wamejitafutia dawa kabla ya kampuni kuwafikiria. Wanaandika namba ya mtu wa tatu. Shemeji, jirani, au Mangi wa duka la mtaani anapokea, anaweka nyuma ya magunia ya mchele, ananyamaza. Desemba, Wachagga wa Dar wanapopanda kwenda Moshi, zawadi nyingi husafiri mikononi mwa mtu anayekwenda huko huko. Mtu huyo ana sifa ambayo mfumo wa usafirishaji hauna: unaweza kumwambia, “Usimwambie mama,” naye akaelewa mara moja maana yake, mipaka yake, na siku amri hiyo itakapokwisha. Dereva wa kampuni kubwa huko Marekani, mwenye vituo zaidi ya 100 kwa siku, hata akiandikiwa maelekezo kama hayo kwenye skrini yake hana nafasi ya kuyatafakari.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hulikumbuka wakiwa wamechelewa. Zawadi iliyofichwa haikaguliwi. Blenda iliyofungwa tangu tarehe 5 itagundulika imepasuka jagi tarehe 25, na muda wa kurudisha unaweza kuwa umekwisha. Maduka makubwa ya Marekani yanalijua hili: Amazon, kwa kawaida, huruhusu vilivyonunuliwa Novemba na Desemba virudishwe hadi mwisho wa Januari. Muuzaji mdogo wa kwetu aliyeandika “ukishapokea hairudishwi” hana utaratibu huo. Kwa hiyo huyo mtu wa tatu apewe na kazi ya kufungua, kuwasha, kuhesabu vipande na kufunga upya, siku ileile mzigo unapofika. Kazi hiyo isiachwe mpaka mkesha.

Maduka yenyewe yangeweza kufanya makubwa kwa kuongeza swali moja tu kwenye ukurasa wa malipo: nani asijue, na mpaka tarehe ngapi? Jibu lake lingetosha kupeleka ujumbe wote kwa mnunuzi peke yake, kuficha oda kwenye orodha ya akaunti, kufunika boksi, na kumwonyesha mwasilishaji maneno “zawadi, usitaje kilichomo” pamoja na jina la aliyetuma, ili mama wa Kimara aambiwe “imetoka kwa mwanao wa Houston” na hofu imtoke bila blenda kutajwa. Hakuna uvumbuzi unaohitajika. Maduka yanayouza dawa na vitu vya faraghani yamekuwa yakituma mizigo yao kwenye maboksi yasiyo na alama, yenye jina la mtumaji lisilofichua kitu, kwa miaka mingi, kwa sababu wateja wao wasingenunua vinginevyo. Mnunuzi wa zawadi hutendewa tofauti kwa sababu hununua hata hivyo.

Matangazo ndiyo yatakayobaki magumu, kwa kuwa duka likishaipa kampuni nyingine habari za ulichotazama, halina tena namna ya kuziita zirudi. Mpaka sheria ziibane biashara hiyo, anayemnunulia mtu anayeishi naye nyumba moja atafute zawadi hiyo kwa simu yake peke yake, Wi-Fi ya nyumbani ikiwa imezimwa, kwenye akaunti ambayo hakuna mwingine mwenye nywila yake.